Sheria na Haki Mbele ya Mjane: Misingi ya Elimu ya Sheria kwa Mchungaji wa Usharika

1. Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita, tulipokuwa tukihudumu katika usharika mmoja wa vijijini, tuliitwa kufunga kwa maombi kikao cha ukoo siku ya kuanua matanga. Marehemu alikuwa mzee wa kanisa. Aliacha mke, watoto wanne, nyumba, na shamba la kahawa na migomba. Kikao kiliendeshwa kwa utulivu na heshima. Ndugu wa marehemu waliamua kwamba mdogo wake atakuwa msimamizi wa mirathi na mlezi wa watoto, na kwamba shamba litakuwa mikononi mwake. Mjane angebaki hapo nyumbani, au angerudi kwao akipenda. Muhtasari ukaandikwa, wajumbe wakatia sahihi, nasi tukatia yetu kama shahidi. Kisha tukaomba, tukaaga.

Mwaka haukuisha kabla ya sehemu kubwa ya shamba lile kuuzwa. Mjane alipokuja ofisini kutuarifu, hakulia wala hakulaumu. Aliuliza swali moja tu: "Baba Mchungaji, na hili nalo mliliombea?"

Hatukuwa na jibu. Huruma tulikuwa nayo. Tulichokosa ni maarifa. Hatukujua kama yaliyoamuliwa siku ile yalikuwa sheria, wala yalikuwa sheria ipi kati ya zile zinazotumika nchini, wala kama tungeweza kuuliza neno lolote bila kuuvunjia ukoo heshima. Makala hii inakusudia kuwasaidia watumishi wenzetu, pamoja na wanafunzi wanaojiandaa kwa kazi hiyo, wasikutwe na swali la namna hiyo wakiwa mikono mitupu. Tutaeleza kwanza maana ya sheria na haki, kisha mawazo makuu ya wanafalsafa, kisha mifumo ya sheria na jinsi inavyokutana katika mirathi ya Tanzania Bara, na mwisho wajibu wa mchungaji.

Jambo tunalotaka msomaji alishike ni hili: hakuna mfumo wa sheria utendao haki wenyewe. Kila mfumo una mlango wa haki ndani yake, lakini hapana budi awepo mtu anayeujua mlango huo na kuubisha.

2. Sheria na haki

Maneno haya mawili yameingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, nayo yamezoeana mno hata watu wengi hudhani ni neno moja. Sheria ni kanuni iliyowekwa na wenye mamlaka ya kuiweka, ambayo mtu asipoifuata anaweza kulazimishwa. Haki ni kumpa kila mtu kilicho chake. Neno letu "haki" hubeba mizigo miwili kwa pamoja: tunasema "kutenda haki", yaani jambo lililo sawa, na tunasema "haki yangu", yaani kile ninachostahili kupewa. Huu si upungufu wa lugha. Hutukumbusha kwamba haki ina mwenyewe. Mtu fulani aliye hai, mwenye jina, ndiye anayeidai.

Kiebrania cha Agano la Kale kina maneno mawili yanayokwenda pamoja mara nyingi. "Mishpati" ni hukumu itolewayo langoni na wazee, yaani haki katika utaratibu wake. "Tsedaka" ni uadilifu wa mtu aliye mwaminifu katika uhusiano wake na jirani na Mungu. Nabii Amosi, katika sura ya 5, anayaweka pamoja, kwa sababu aliona baraza lililo na utaratibu bila uadilifu.

Habari ya Naboti katika 1 Wafalme 21 ni mfano mzuri wa jambo hilo. Tukiisoma kwa haraka tunaona wizi na mauaji tu. Tukiisoma kwa makini tunaona kwamba karibu kila hatua ilikuwa na sura ya sheria. Barua ilitiwa muhuri wa mfalme. Mfungo ulitangazwa. Wazee na wakuu wa mji walikaa. Mashahidi walikuwa wawili, kama Torati ilivyotaka. Hukumu ilitolewa hadharani na kutekelezwa nje ya mji. Utaratibu ulikamilika, na mtu asiye na hatia akafa, na shamba lake likachukuliwa. Basi sheria inaweza kutumika kama vazi la kufunikia dhuluma. Wahenga waliosema kwamba mnyonge hana haki hawakuwa wakiweka kanuni. Walikuwa wakieleza walichokiona barazani.

Hata hivyo tusije tukaidharau sheria. Pasipo sheria, mnyonge hana hata mahali pa kusimama na kulalamika. Katika Hesabu 27, binti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa, Eleazari kuhani na mkutano wote, wakauliza kwa nini jina la baba yao lifutwe kwa kuwa hakuacha mtoto wa kiume. Musa hakuwajibu kwa mazoea. Alilileta neno lao mbele za Bwana, na Bwana akasema kwamba wamenena sawa. Tokea hapo kanuni ikawekwa kwa Israeli wote. Tena sura ya 36 inatuonyesha kwamba wakuu wa jamaa walirudi na hofu yao kuhusu ardhi ya kabila, nayo hofu hiyo ikasikilizwa. Hapa tunaona sheria ikifanya kazi yake: inasikia lalamiko, inapima, inarekebishwa, na inapata mipaka.

3. Wanafalsafa wamesemaje?

Elimu ya misingi ya sheria, ambayo wengine huiita falsafa ya sheria, huuliza swali moja kubwa: ni kitu gani kinachoifanya sheria iwe sheria? Majibu ni mengi, lakini yanaweza kupangwa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni la sheria ya asili. Wanafikra hawa, tangu Cicero wa Roma hadi Thomas Aquinas katika karne ya 13, walifundisha kwamba juu ya sheria za wanadamu iko sheria ambayo akili ya mwanadamu inaweza kuitambua, na ambayo chanzo chake ni Mungu. Augustino alikwisha kusema kwamba sheria isiyo ya haki haionekani kuwa sheria. Mtume Paulo naye, katika Warumi 2, anazungumza juu ya mataifa wasio na Torati ambao kazi ya torati imeandikwa mioyoni mwao.

Kundi la pili husema kwamba sheria ni ile iliyowekwa, iwe nzuri au mbaya. John Austin wa Uingereza, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1832, alieleza kwamba sheria ni amri ya mtawala inayotiwa nguvu na adhabu. H. L. A. Hart, katika kitabu chake cha mwaka 1961, alilirekebisha wazo hilo: sheria si amri tupu, bali ni kanuni ambazo jamii imezikubali, zikiwamo kanuni za kutambua kanuni nyingine. Wanafikra hawa hawakusema kwamba uovu ni mwema. Walisema tu kwamba swali la "sheria ni ipi?" na swali la "sheria hii ni njema?" yasichanganywe, ili tuweze kuikosoa sheria kwa macho yaliyo wazi.

Kundi la tatu ni la kihistoria. Friedrich Carl von Savigny wa Ujerumani, mwaka 1814, alifundisha kwamba sheria hukua pamoja na watu kama lugha inavyokua. Mwafrika aliyelelewa katika mila za ukoo wake hulielewa wazo hili bila kufundishwa.

Kila kundi limeona ukweli fulani, lakini historia imetuonyesha pia hatari zake. Gustav Radbruch, mwanasheria Mjerumani aliyewahi kuwa Waziri wa Sheria, alifukuzwa katika kazi yake ya ualimu wa chuo kikuu mwaka 1933 baada ya utawala wa Hitler kuingia. Mwaka 1946, baada ya vita, aliandika kwamba kwa kawaida sheria iliyowekwa yafaa ifuatwe hata ikiwa na kasoro, kwa kuwa watu wanahitaji uhakika. Lakini dhuluma yake ikizidi kiasi cha kuvumilika, sheria hiyo haina budi kuipisha haki. Sisi Walutheri wa Afrika Mashariki tunao mfano wa karibu zaidi. Sheria za ubaguzi wa rangi za Afrika Kusini zilipitishwa na bunge na kusimamiwa na mahakama. Mwaka 1977 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilikutana Dar es Salaam, likatamka kwamba kuukataa ubaguzi huo hadharani ni jambo linalohusu ungamo la imani yenyewe. Kanisa lilikiri kwamba ile ni sheria, nalo likakataa kuiita haki.

Aristotle aliongeza neno moja linalotufaa. Alitofautisha haki ya kugawanya, yaani kila mtu kupata fungu lake, na haki ya kurekebisha, yaani kumrudishia aliyepunjwa. Kisha akasema kwamba kanuni, kwa kuwa ni ya watu wote, haiwezi kuona kila hali. Kwa hiyo inahitaji insafu. Akatoa mfano wa waashi wa kisiwa cha Lesbos, waliotumia kipimo cha risasi kilichoweza kupindwa kufuata umbo la jiwe. Insafu haiivunji sheria. Huifikisha pale ilipokusudiwa kufika.

4. Mifumo ya sheria

Katika nchi zetu tunakutana na mifumo minne mikubwa.

Mfumo wa kwanza ni wa Kirumi. Kaisari Justinian aliamuru sheria za Roma zikusanywe, na kazi hiyo ilifanyika kati ya mwaka 529 na 534. Ulaya bara iliurithi mkusanyo huo. Ufaransa ilitoa kitabu chake cha sheria za kiraia mwaka 1804, na cha Ujerumani kilianza kutumika mwaka 1900. Katika mfumo huu hakimu huanzia kwenye kitabu cha sheria. Kwa njia ya Ubelgiji mfumo huu uliingia Kongo, Rwanda na Burundi.

Mfumo wa pili ni wa Kiingereza. Ulikua kutokana na maamuzi ya majaji wa mfalme tangu karne ya 12. Hapa hukumu ya mahakama ya juu huzifunga mahakama za chini katika mashauri yanayofanana, hivyo hukumu moja yaweza kuwa sheria kwa wengi. Utaratibu wake ulipokuwa mgumu mno, wananchi walimwendea Chansela wa mfalme, ambaye kwa karne nyingi alikuwa kwa kawaida askofu au kasisi, naye aliamua kwa dhamiri. Ndivyo insafu ilivyopata mahakama yake huko Uingereza. Si jambo dogo kwa watumishi wa Kanisa kujua kwamba tawi hilo la sheria lilikuzwa kwa sehemu kubwa na makasisi waliosikiliza vilio vya watu.

Mfumo wa tatu ni wa Kiislamu. Misingi yake ni Kurani, Suna ya Mtume, makubaliano ya wanazuoni na ulinganisho wa hoja. Katika mirathi mafungu yamekwisha kutajwa: mjane hupata sehemu moja ya nane ikiwa marehemu ameacha watoto, na sehemu moja ya nne kama hakuacha. Ndugu wa marehemu hawawezi kulifuta fungu hilo kwa kura ya kikao. Zanzibar ina Mahakama za Kadhi, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inazitambua mahakama hizo.

Mfumo wa nne ni wa mila na desturi. Kwa asili haukuandikwa. Ulihifadhiwa na wazee, na shabaha yake kubwa ilikuwa kupatanisha watu ambao kesho watachota maji kisima kimoja. Haupaswi kudharauliwa. Uliilinda ardhi ya ukoo isitawanyike, na ulihakikisha kwamba mjane na yatima hawalali njaa. Lakini yafaa tuone jambo moja ambalo leo husahauliwa: mila ilimpa mrithi mzigo pamoja na mali. Aliyepokea shamba alipokea pia wajibu wa kumlisha mjane, kuwalea watoto na kulipa madeni ya marehemu. Anayelichukua shamba na kuuacha mzigo hafuati mila. Anaivunja, huku akiitumia kama kinga.

5. Jinsi mifumo inavyokutana Tanzania Bara

Waingereza walipoitawala Tanganyika, waliweka kwa amri ya mwaka 1920 kwamba sheria za Uingereza zilizokuwapo tarehe 22 Julai 1920, pamoja na kanuni za insafu, zitumike hapa kadiri hali ya nchi na wenyeji ilivyoruhusu. Wakati huohuo mahakama za wenyeji ziliendelea kuamua kwa mila. Baada ya Uhuru, mahakama ziliunganishwa kuwa mfumo mmoja, na mwaka 1963 Serikali ilitangaza kwa maandishi kanuni za mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba. Makabila yanayofuata ukoo wa mama, kama Waluguru na Wakaguru, hayakuhusika.

Kanuni hizo za mirathi ziliweka madaraja. Mtoto wa kiume wa kwanza wa nyumba ya kwanza alikuwa daraja la kwanza, watoto wengine wa kiume la pili, na mabinti la tatu. Mabinti waliweza kutumia ardhi ya ukoo bila kuiuza. Mjane hakuwa na fungu ikiwa marehemu ameacha jamaa. Fungu lake lilikuwa kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Mila iliyokuwa hai na yenye kubadilika mikononi mwa wazee ikawa maandishi, na maandishi hayabadiliki mpaka mtu ayabadilishe.

Lakini milango mingine ilikuwa ikifunguliwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimpa mjane uhuru wa kuishi apendapo, kubaki bila mume, au kuolewa na mtu amtakaye, bila kujali mila inasema nini. Kwa hiyo mjane hawezi kulazimishwa kurithiwa. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua katika shauri la talaka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika upatikanaji wa mali ya ndoa. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, na kuanzia mwaka 1988 wananchi wakaweza kuzidai mahakamani.

Mwaka 1990 lilifika Mahakama Kuu, Mwanza, shauri la mwanamke wa Kihaya aliyekuwa amerithi shamba kwa wosia wa baba yake na kuliuza kwa mtu asiye wa ukoo. Jamaa wa ukoo alitaka uuzaji ubatilishwe, kwa kuwa kwa mila mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Jaji Mwalusanya aliamua kwamba kanuni inayomnyima mwanamke kile inachomruhusu mwanamume ni ubaguzi unaopingana na Katiba, na kwamba wanaume na wanawake sasa wana haki sawa ya kurithi na kuuza ardhi hiyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikaendeleza njia hiyo: kanuni yoyote ya mila inayowanyima wanawake, watoto au watu wenye ulemavu haki ya kupata na kutumia ardhi ni batili.

Je, mambo yalikwisha hapo? Hayakuisha. Wajane wawili kutoka jamii ya Wasukuma, waliofukuzwa na wakwe zao pamoja na watoto wao, walizipinga kanuni za mwaka 1963 mbele ya Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama hiyo ilikubali kwamba kanuni hizo ni za kibaguzi, lakini ikakataa kuzifuta, kwa hoja kwamba mila haibadilishwi kwa hukumu ya mahakama. Mwaka 2010 rufaa yao ilitupwa kwa kasoro katika hati ya amri ya Mahakama Kuu. Walipeleka lalamiko lao kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo mwaka 2015 iliona kwamba haki zao zimevunjwa, ikaitaka nchi ifute au irekebishe kanuni hizo. Tazama: Katiba ileile, mila zilezile, na wanawake wenye shida inayofanana. Mmoja alipata haki mwaka 1990, wengine hawakuipata nchini mwao. Katiba yetu, katika ibara ya 107A iliyoongezwa mwaka 2000, inazitaka mahakama zitende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi yanayoweza kukwamisha haki. Hapa tunamsikia tena Aristotle na kipimo chake cha risasi.

6. Mambo ya kuuliza katika kikao cha ukoo

Mchungaji akiyajua hayo, anaweza kuuliza kwa unyenyekevu maswali machache yenye uzito.

Kwanza, je, marehemu ameacha wosia? Wosia halali hutangulia mgawanyo wa mila. Kwa kanuni za mwaka 1963, hata wosia wa mdomo unakubalika ukiwa na mashahidi wasiopungua wanne, wakiwamo wa ukoo na wasio wa ukoo.

Pili, ni sheria ipi inayotumika? Mwafrika Mkristo hachukuliwi mara moja kuwa ameacha mila. Mahakama huangalia maisha yake na nia yake. Katika shauri moja la mwaka 1969, Mahakama Kuu iliona kwamba marehemu, aliyekuwa Mkristo na aliyeishi mjini mbali na desturi za kabila lake, alikuwa ameziacha mila. Basi ikatumika Sheria ya Mirathi ya India ya mwaka 1865, tuliyoirithi kutoka kwa Waingereza. Kwa sheria hiyo mjane hupata theluthi moja, na watoto theluthi mbili.

Tatu, mali ipi ni ya marehemu, ipi ni ya mume na mke kwa pamoja, na ipi ni ya ukoo? Mali ya mjane mwenyewe haigawanywi katika mirathi ya mumewe.

Nne, je, anayependekezwa kuwa msimamizi anaelewa kazi yake? Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Ukoo hupendekeza, mahakama ndiyo huteua. Tena msimamizi si mrithi. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kuwagawia warithi, na kupeleka mahakamani orodha ya mali na hesabu ya mgawanyo. Hakuna sheria inayomtaka awe mwanamume; mjane mwenyewe anaweza kuteuliwa.

Tano, mjane yuko kikaoni? Anasemaje? Kama hayupo, kikao kinamgawanya yeye, si mali.

7. Wajibu wa mchungaji katika mafundisho ya Kilutheri

Yupo atakayeuliza kama maswali haya si kuingilia kazi ya Serikali. Luther mwenyewe alianza masomo ya sheria huko Erfurt mwaka 1505 kabla ya kuingia utawani, na mwaka 1520 alichoma hadharani vitabu vya sheria za kanisa la wakati ule, kwa kuwa aliona zimechukua nafasi ya Injili katika dhamiri za watu. Lakini mwaka 1523, alipoandika juu ya mamlaka ya kidunia, alieleza kwamba Mungu hutawala kwa njia mbili: kwa Neno anahesabia watu haki, na kwa serikali na sheria anauzuia uovu na kuwalinda wanyonge. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 16, linakiri kwamba serikali na sheria njema ni kazi njema za Mungu. Na kifungu cha 28 kinaonya kwamba mamlaka hizo mbili zisichanganywe.

Basi mchungaji si hakimu, wala asijifanye wakili. Hata hivyo kutochanganya si kunyamaza. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Luther akieleza amri ya tisa, anataja waziwazi urithi na nyumba ya jirani, na anakataza kuvitwaa kwa hila au kwa kisingizio cha haki. Kila mtoto wa kipaimara katika sharika zetu amelikariri fundisho hilo. Wale wajumbe wa kikao tulichokieleza walilikariri. Sisi ndio tuliowafundisha. Tungeweza kuwakumbusha kwa sentensi moja, bila kutaja sheria yoyote ya nchi, nasi hatukuwakumbusha.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne. Tuwafundishe waumini kuandika wosia wangali hai, wala wasidhani kwamba wosia huita mauti. Tutunze vizuri daftari na vyeti vya ndoa, maana cheti chaweza kuwa ushahidi wa pekee alionao mjane. Tusitie sahihi katika muhtasari ambao hatukuuelewa, wala tusitumie sala kuufunga mjadala ambao haujafunguliwa. Na jambo likizidi uwezo wetu, tumwelekeze mjane mahakamani, au kwa wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na mahakama nchini; mlango huo nao umefunguka zaidi kwa mtu wa kawaida.

8. Hitimisho

Mjane yule hatimaye alipata msaada, akafungua shauri. Usimamizi wa shemeji yake ulifutwa. Nyumba na sehemu ya shamba iliyobaki zikawa salama kwa ajili yake na watoto wake. Sehemu iliyouzwa haikurudi. Siku muhtasari wa kikao ulipotolewa mahakamani kama kielelezo cha kuonyesha kwamba watu wote walikubali, sahihi yetu ilikuwamo, na chini yake tulikuwa tumeandika kwa mkono wetu cheo chetu cha uchungaji.

Bwana wetu alisimulia habari ya mjane aliyemwendea kadhi dhalimu mara kwa mara mpaka akapewa haki yake (Luka 18). Katika mfano huo mjane anasimama peke yake. Hakuna jirani, mzee wala kuhani anayetajwa kwamba aliandamana naye. Ndugu watumishi, katika sharika zetu nafasi hiyo iko wazi, na si lazima mtu awe mwanasheria ndipo aijaze. Yampasa tu ajue maswali ya kuuliza, na ayaulize kabla ya sala ya kufunga.